Talaka Isiyopata Mkono

Aden, mwezi wa Sivani, mwaka 1443 kwa hesabu yetu

Kwa baba yangu Natan,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na goti limepoa. Mimi ni mzima, ila sina hata viatu. Meli iliyotutoa Malibari, huko Hindi, ilipasuka kwenye mwamba huku bandari tukiiona. Watu wote tumeokoka. Pilipili yangu ya miaka mitatu wamebaki nayo samaki.

Siwezi kurudi nyumbani Fustat nikiwa hivi. Nitaanza upya Malibari, na huenda ikachukua miaka. Mke wangu Ghazal bado kijana, si haki akae akichungulia mlango. Kwa hiyo nimemwandikia talaka mbele ya mahakama yetu ya Wayahudi hapa, na Sheikh Furat, mfanyabiashara mwenzetu, anamletea. Aolewe na mtu anayelala nyumbani. Usimwambie kwamba sikutaka kuiandika.

Mwanao, Makarim

Fustat, mwezi wa Kisleu, mwaka 1444

Mwanangu Makarim,

Marahaba. Sisi ni wazima, goti tuliache.

Furat alifika baada ya sikukuu ya vibanda. Nikueleze jambo ambalo nadhani ulilisahau. Talaka yetu haiwi talaka mpaka iingie mkononi mwa mwanamke mbele ya mashahidi. Kuiacha mezani hakutoshi. Furat alimkuta Ghazal akikanda unga.

"Pokea, binti yangu."

"Mikono ina unga, sheikh. Iweke pale."

"Pale haifai. Lazima mkononi."

"Basi ngoja unga uumuke."

Wiki iliyofuata alikuwa amepaka hina viganja vyote viwili. Juzi alibeba mtungi kichwani, mikono yote juu, na Furat unamjua ni mfupi. Mtaa mzima hutoka kutazama.

Lakini Furat ni mtu wa amana, hachoki. Siku moja atamkuta mikono iko wazi. Na sisi ni ukoo wa makuhani. Wenzetu wakiachana huweza kurudiana. Kuhani haruhusiwi kuoa mwanamke aliyeachwa, hata kama ni yeye mwenyewe aliyemwacha. Ndiyo maana wazee wa zamani waliagiza talaka ya kuhani ikunjwe na kushonwa mkunjo kwa mkunjo, apate muda wa kufikiri. Wewe uliandika kama mtu anayekimbia mvua.

Nilimuuliza Ghazal nikuambie nini. Akasema, "Mwambie niliolewa na mtu, sikuolewa na pilipili. Na kama ni kulala nyumbani, hata paka analala nyumbani."

Kama unamtaka, itangue mbele ya mashahidi wawili, upesi.

Baba yako, Natan

Aden, mwezi wa Adari, mwaka 1444

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na naomba nanyi muwe wazima. Barua yako niliisoma nimesimama forodhani, watu wakaniuliza nacheka nini. Hapo hapo nilikwenda mahakamani, kilemba kikining'inia. Nimeitangua, na hati ya mashahidi imo humu.

Kama Furat amewahi, niandikie neno moja tu, usinibembeleze. Kama hajawahi, mwambie Ghazal narudi msimu huu. Nitauza ndimu sokoni, nitalala nyumbani.

Mwanao, Makarim

Fustat, mwezi wa Sivani, mwaka 1444

Mwanangu,

Neno ulilotaka ni hili: mkeo. Sasa marahaba, na natumaini u mzima.

Barua yako ilipofika, Furat alikuwa uani kwetu tena, na Ghazal amepakata mapacha wa jirani, mmoja kila mkono, wote wanalia. Nikamsomea Furat hati yako. Akaketi ukingoni mwa kisima. "Nimevuka jangwa na wanyang'anyi wake," akasema, "nikaja kushindwa na mapacha." Akaichana talaka. Ghazal akawarudisha watoto kwa mama yao, akampakulia Furat mlenda sahani mbili.

Ghazal hataki habari ya ndimu. Anasema miaka mitatu umemwandikia habari za mvua ya Malibari na wanawake wanaoanika pilipili mikekani, na amechoka kuzisoma, anataka kuziona. Kesho anapanda mashua ya mto pamoja na Furat na mkewe, wanaorudi Aden. Nimetanguliza mtu akuzuie usiondoke Aden.

Nilimwonya kwamba bahari inatapisha. Akanijibu, "Baba mkwe, nimeishi na mwanao. Tumbo langu limezoea."

Wajukuu wangu watazaliwa huko, na huenda nisiwaone. Majina yao niandikieni kwa herufi kubwa. Macho yangu yamezeeka, na nitataka kuyasoma mara nyingi.

Barua hii ameibeba Ghazal mwenyewe. Sasa inua macho.

Baba yako, Natan