Mama Mkwe na Jiwe la Kisiwani

Shoga, usinipigie. Nimejificha jikoni, siwezi kuongea.

Mama mkwe amelisugua jiwe.

Jiwe LILE! Lililosimamishwa hapa kisiwani tangu watu hawajajua kuandika, ambalo mimi nimeajiriwa kulilinda. Kalisugua kwa brashi ya waya na sabuni ya unga. Mpaka juu kabisa, kapanda ngazi!!

Na leo ndiyo siku ya kuja yule mtaalamu wa mambo ya kale. Kapanda boti kuja kupima ule ukoga wa kijivu ulioota juu ya jiwe tu, maana ukoga ndio unaoonyesha jiwe limesimama miaka mingapi. Nimemsubiri mwaka mzima, unajua.

Namuuliza, "Mama, umefanya nini?" Ananijibu bila wasiwasi, "Wageni waje wakute uchafu, waseme mwanangu kaoa mvivu?"

Mvivu! Mimi! Kisa jiwe!

Nikamkimbilia mume wangu. Eti, "Mama alikuwa na nia njema." Nusura nimrushie ndoo.

Basi mtaalamu kafika. Kalizunguka jiwe, kaligusa, kanusa vidole. Vinanukia maua. Kaniuliza kwa upole kabisa, "Hili ni la mfano, siyo? La kweli liko wapi?"

Shoga! Aliyejibu ni mama mkwe, kifua mbele: "Ndilo hilohilo!"

Na sasa hivi namsikia sebuleni, anamlalamikia huyohuyo mtaalamu kwamba tangu asubuhi sijamwambia hata asante.