Tulivyompeleka Lauro Kwenye Fataki

Jumatatu, 4 Desemba

Wakala wa meli amepiga simu. Efren anaondoka Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne – si Januari tena! Fundi mmoja wa injini kavunjika mkono, wanataka mtu haraka. Ukikataa, nafasi anapewa mwingine na wewe unakaa kwenye mabenchi yao huko Manila mpaka uote mizizi. Kwa hiyo mume wangu amekubali. Alipoondoka safari iliyopita nilikuwa na mimba changa. Amemwona mwanawe kwa macho wiki mbili tu, na Krismasi ya kwanza ya Lauro itamkuta tena kule chini kwenye injini.

Hakulia. Efren halii, hupaza sauti tu. Eti basi Krismasi ya mtoto ni Jumamosi hii, twende ile bustani ya burudani akaone fataki. "Baba yake ndiye atakayemwonyesha, si simu!" Anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Miaka kumi na moja ya injini hiyo.

Mama mkwe akaanza: moshi, upepo wa jioni, macho ya watu, mtoto wa miezi saba! Kisha mwenyewe akajigeuza, maana anapenda kusifiwa. Kushtuka hatashtuka, akasema, hilo yeye alishalimaliza. Na mfuniko wake wa sufuria! Tangu Lauro ana wiki moja, kila asubuhi Mama anamgongea mfuniko karibu na kichwa, mara tatu, kama alivyomgongea Efren, na kama mama yake yeye alivyowagongea wote kule Batangas, ili mtoto asikue na moyo wa kuku. Siku za kwanza nilikuwa naruka mimi. Lauro hata kope hapepesi! Majirani wanaimba karaoke ukuta kwa ukuta mpaka bati linatetemeka, yeye amelala fofofo. Mtaa mzima unasema nina bahati, nimepata mtoto asiyesumbua.

Mimi nilikuwa namenya vitunguu. Nikaendelea kumenya.

Haya, naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunijibu. Nadhani mwanangu hasikii.

Nimeiandika. Mjinga mimi.

Jumanne, 5 Desemba

Nimemjaribu tena. Mama yuko sokoni, Efren kaenda Manila kupimwa afya ya safari. Nikamkalisha Lauro mkekani, nikaenda nyuma yake, nikaangusha funguo. Wapi! Nikapiga makofi. Ananyonya kidole cha mguu. Nikaita – Lauro! Lauro wa mama! – akageuka, moyo wangu ukaruka... Kumbe kaona kivuli changu ukutani. Mara upepo ukabamiza mlango, akashtuka kwelikweli, akalia. Anasikia! Nikambeba nikacheza naye nyumba nzima kama kichaa. Baadaye ndipo nikakumbuka sakafu yetu ni ya mbao, inatikisika yote. Nikakaa chini.

Mtoto wa dada mwenye duka hapa mtaani, wamepishana siku tisa tu na wangu, kutwa anasema mamamama. Lauro naye alianza, Agosti, Septemba. Kisha akawa anapunguza. Siku hizi anacheka tu.

Karatasi bado iko kwenye bahasha ya kadi yake ya kliniki. Mkunga aliandika nilipojifungua: kipimo cha masikio, arudishwe baada ya wiki mbili, maana siku ile mashine yao ilikuwa mbovu. Wiki mbili zikafika, mshono bado unaniuma. Kisha mvua. Kisha Septemba nilipomgusia Mama, akaniwakia. Kipimo cha nini? Mtoto ana moyo wa simba, wewe unamtafutia ugonjwa! Nami nikashukuru kuambiwa hivyo. Hapo ndipo panaponiuma. Miaka sita nimeuza dawa dirishani, nikiwakaripia wanawake wa watu: mpeleke mtoto hospitali, usingoje! Na mimi je?

Alhamisi, 7 Desemba

Efren kashinda kutwa akishona. Vile vikinga masikio vyake vya kazini, vya njano, vikubwa kama sahani za chai, kavikata utepe, kavijaza sponji ya kuoshea vyombo (mpya, nilihakikisha), akavipima kwenye tikiti maji dogo. Alipomvika Lauro akawa kama rubani. Tulicheka mpaka machozi, hata Mama. Efren akanifundisha, kidole juu: masikio ya mtoto ni laini. Yeye alidharau ujanani, ona sasa, filimbi zinamlilia kichwani usiku kucha. "Ya mwanangu hayatachezewa!"

Ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikamuuliza kama anataka kahawa.

Nimepata wazo baya. Jumamosi nitavivua vile vikinga. Fataki zile ni mizinga, hata kiziwi... Yesu wangu, neno lenyewe nimeliandika. Akiruka na kulia, nachana kurasa hizi zote na nampikia Mama anachotaka mwaka mzima. Asiporuka, nitamwambia Efren kabla hajapanda meli. Liwalo na liwe.

Ijumaa, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria. Nimekwenda misa na Mama. Nilipiga magoti muda mrefu bila kujua niombe nini. Nikaomba mtoto alie.

Jumapili, 10 Desemba

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo wamelala mchana wote watatu, naandika.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Watu kama siafu, taa za nyota kila mti. Mama alibeba mkeka, wali na mishikaki ya nguruwe ya kulisha kijiji. Tukatandika karibu na bwawa. Jirani yetu wa mkeka alikuwa mwanamke mmoja na binti yake, mchanga kama Lauro. Akainama: "Jamani, macho hayo! Mzuri huyu!" Mama akamrukia hapohapo – umemsifia, mguse na mate! Yule dada desturi anaijua, hakununa. Akalowesha kidole gumba, akampaka Lauro unyayoni ili sifa isimdhuru. Akasema wake ni mwoga balaa, hata hajui kwa nini kaja. "Wetu hashtuki," Mama akamwambia. "Subiri uone."

Saa mbili kamili taa zikazimwa. Fataki moja ikapanda ikiunguruma, kimya kidogo, kisha – bum! Niliisikia mpaka kwenye meno. Yule binti akapasua koo, mama yake akamfunika kifuani. Watoto uwanja mzima walikuwa wanalia. Na Lauro wangu? Katoa macho, mdomo wazi, mikono yote miwili juu kama anataka kupewa. Nyekundu, kijani, dhahabu, zote ziko usoni mwake. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Efren alikuwa anapiga kelele, "Anaona! Delfa, tazama, anaona! Na vikinga vinafanya kazi!" Machozi yanamtoka, mume wangu asiyelia. Ningemwacha. Ilikuwa robo saa tu, ningemwachia robo saa yake.

Nikavivua.

Efren akadhani vimeanguka, akainama kuvitafuta. Nikamgeuza Lauro anitazame mimi, mgongo kwa anga, nikamfunika kichwa kwa nepi. Bum. Akacheka, anadhani namchezea. Bum. Akaivuta nepi. Ukapasuka mzinga mmoja mzito, akatikisika, nikasema asante Mungu! – lakini alikuwa mapajani mwangu, na aliyetikisika ni mimi. Basi nikamnyanyua kwa makwapa, mbali na mwili wangu, miguu hewani, nepi kichwani. Zikapasuka tatu, nne, sita mfululizo. Akaning'inia tu. Anapiga miguu taratibu kama yuko kwenye beseni la kuogea.

Watu walikuwa wananitazama mimi, si fataki.

Efren akanipokonya mtoto. "Umerukwa na akili? Utamharibia masikio!"

"Masikio gani, Efren?"

Nilipiga kelele, maana bila kelele asingenisikia. Na fungu moja la fataki likawa ndiyo limekwisha, jingine halijaanza. Maneno yangu yakabaki peke yake uwanjani. Yule dada wa jirani akatazama pembeni. Mama kashika mshikaki, haupeleki mdomoni wala haurudishi.

Efren akaiondoa nepi. Akamvika mtoto vikinga, akakaza utepe, akamgeuza tena kwenye anga. Likaja fungu la mwisho, lile kubwa, na Lauro akanyoosha mikono.

Sasa jambo jingine linanitafuna: na kama alikuwa anasikia, hata kidogo, nami ndiye niliyemmalizia?

Leo asubuhi Mama hakugonga mfuniko.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimepiga simu hospitali. Nafasi ya karibu ni Ijumaa saa tatu asubuhi. Ijumaa! Siku moja baada ya Efren kuondoka. Niliomba hata Jumatano, hata jioni, yule dada wa simu akasema pole mama, msururu ni mrefu.

Efren anasema hakuna atakayepimwa. Mtoto alifurahi, kila mtu alimwona alivyofurahi. "Wewe ulitaka alie?" Ndiyo, nilitaka! Nikamwambia hivyo hivyo. Akanitazama kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake. Eti kwao hakuna mtu wa namna hiyo. Nikamwambia na kwetu hakuna, kwa hiyo sijui tumlaumu nani. Akatoka kwenda kutengeneza pampu ya maji ambayo haijaharibika.

Nikabaki jikoni na Mama. Alikuwa anaosha mchele, anaosha tena, maji yameshakuwa meupe pe bado anaosha. Akauliza bila kugeuka, nimejua tangu lini. Nikasema Agosti.

"Mimi Julai," akasema.

Julai! Nilitaka kumrushia mwiko. Julai, na Septemba ananiambia namtafutia mtoto ugonjwa! Nikamuuliza, mbona hukusema, Mama?

"Na wewe mbona hukusema?"

Akaendelea kuosha. Alidhani, alisema, akigonga kwa nguvu zaidi, siku moja masikio yatafunguka. Mficha maradhi kilio humfichua, bibi yangu alizoea kusema, nasi tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja na kificho chake. Sikuweza kumkasirikia hata dakika tano. Nilimpokea sufuria nikaibandika.

Jumanne, 12 Desemba

Efren kalala sebuleni, anasema ni joto. Si joto.

Lauro kapata jino! La chini, kushoto. Nilitaka kumwita baba yake aje aone, nikasita, kisha nikamwita. Akaja. Akaligusa na kidole, akatabasamu kidogo, akaondoka bila kunitazama.

Nimempigia simu bosi wangu wa duka la dawa, Ijumaa sitaingia kazini. Mama anasema atakuja hospitali nami. Kanunua viatu vya mpira vipya kwa safari hiyo, eti hawezi kwenda kwa daktari na vya zamani. Mungu ampe maisha marefu mwanamke huyu, na mimi aninyime huu mdomo wa kumcheka.

Jumatano, 13 Desemba

Saa kumi jioni. Begi la Efren liko mlangoni, gari la Manila linamfuata kesho alfajiri. Bado anasema ya Ijumaa ni upuuzi. Mchana aliniuliza kitu kimoja tu, soksi zake nene ziko wapi. Nikampa. Nikamwambia, Efren, nenda ukijua. Akasema anajua anachojua.

Nimekaa jikoni, daftari mapajani, Mama anakoroga uji wa wali na tangawizi.

Efren kajifungia chumbani na mtoto tangu saa tisa. Nilidhani anamlaza. Sasa namsikia anaita. Lauro. Kwa sauti ndogo, sikujua kama anayo sauti ndogo namna hiyo. Kimya. Lauro. Kimya. Kisha kwa sauti ile ya injini, LAURO!, mbwa wa majirani wote wakaanza kubweka. Anapiga makofi. Kitu kimeanguka, kizito, au kakiangusha mwenyewe.

Nilisimama. Mama akazima jiko, akanishika mkono.

"Mwache kwanza," akasema. "Mimi Julai nilimwita siku tatu."

Nimekaa. Lauro anacheka huko ndani, bila shaka amegeuka akaona uso wa baba yake. Efren anaita tena.