Chumba cha Uyoga

Jumatatu, 3 Februari
Tumehama chumbani kwetu. Ni kwenda sebuleni tu, lakini kuhama ni kuhama. Chumba tumeuachia uyoga. Mume wangu anasema unapenda giza na ubaridi, na chumba chetu hakijawahi kukosa vyote viwili. Mifuko ya pumba inaning'inia darini, pale kilipokuwa kitanda. Cherehani ameiuza ili tupate mbegu. Nikamuuliza, na wateja wako? Akasema hajaona fundi nguo aliyejenga ghorofa. Nilicheka. Mwenzangu hajui kwamba mapazia ya hiyo ghorofa nimeshayachagua.

Jumamosi, 22 Februari
Umeota! Mweupe, laini kama masikio ya kichanga. Mwenye hoteli ya barabarani kaja kuona, kasema atachukua wote, kila wiki. Mume wangu ananong'ona humo ndani kana kwamba kuna mzazi. Tumeongeza mifuko.

Jumatano, 12 Machi
Ukungu wa kijani. Jana mfuko mmoja, leo karibu yote. Tumeitoa uani tukaichoma. Yeye anabeba, mimi nachochea. Mwenye hoteli keshapata muuzaji mwingine.

Alhamisi, 13 Machi
Hajala. Nimemwekea chakula, kimepoa, nimekiondoa.

Jumapili, 16 Machi
Dada yangu kaja na gari la mumewe. Hakutaka hata kushuka, wala kuzima gari. Anasema mwanamume aliyeuza cherehani kwa ajili ya uyoga, kesho atauza mlango. Twende kwa mama, nikapumzike kwanza.

Nikaingia kufungasha. Mume wangu alikuwa anapaka chumba chokaa, suruali kaikunja. Amesikia yote. Nilidhani ataniomba nibaki, au atagomba. Akasema tu, "Nimeongea na fundi wa mtaa wa pili. Anataka mtu wa kutia vifungo. Naanza kesho."

Vifungo. Yeye, aliyekuwa akishona suti za maharusi.

Akafuta mikono, akauliza, "Shemeji amepata chai?"

Nimekaa juu ya begi, naandika. Halijafungwa. Dada kapiga honi mara mbili. Mume wangu amepita mbele yangu na vikombe viwili, chokaa mpaka viwikoni. Kimoja amekiweka hapa miguuni pangu, kingine anakipeleka nje.

Namwona dirishani. Anasimama kando ya gari, anangoja. Dada anatazama mbele. Sasa ameshusha kioo. Amepokea.

Amezima gari.