Mafuta Yako, Mkebe Yangu

Nyaguthii, mwiru wangu, wewe mwenye tuligawana bwana,

Mwenye anaandika ni Wambui, msichana wako, mimi kalamu sijui. Nimemwambia asiruke maneno yangu, hata ile mbaya. Hata ile inamhusu yeye.

Huku Giakanja mvua imekuja vizuri. Ile mbuzi yako ya mguu mbaya imezaa mbili. Na mzee wetu jana ameniita Nyaguthii tena. Nikaitika. Ningefanya nini? Umekufa mwaka mzima na bado unaitwa kwa nyumba yangu.

Sasa nikwambie kitu hukujua. Wakati mzee alikupeleka Kiganjo, kwa ile nyumba ya mabati karibu na maduka, mimi niliachwa hapa na jembe na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Krismasi unakuja umenona, shingo imejaa, nguo inanuka nyama ya kukaanga. Na zawadi unaniletea, mkebe ya mafuta ya kupika. Tupu. Ati, "Dada, hii ni ya kupima maharagwe." Nilipima, sikatai, mpaka leo napima nayo. Lakini kwanza nilikuwa naingiza pua ndani. Wewe ulikula mafuta, mimi nikakula harufu.

Halafu ukashikwa na ile kitu ya ziwa, kansa. Ukaificha chini ya leso mpaka ikawa kidonda, na mzee akakurudisha kwangu nikuuguze. Unakumbuka ukikataa uji? Ukasema unataka managu, ile mboga yangu chungu ya kando ya zizi. Wewe, na mdomo imezoea mkate nyeupe na siagi. Nilikuchumia, na nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi.

Basi siku ya kukuzika, wanawake wakaniuliza kwa jikoni ni nini ilikuua. Nikasema, "Ni mafuta ya Kiganjo. Mimi nimekula githeri maisha yangu yote, si mnaniona?" Wakaniangalia, wakakubali. Nyaguthii, sikuwa najua kitu. Ni wivu ilikuwa inaongea.

Na Wambui alikuwa hapo mlangoni, akasikia. Akaacha mafuta, akaacha nyama, hata chai anakunywa bila maziwa. Amekonda kama mti ya kusimamisha maharagwe. Mwezi jana tukipalilia nikamwona anajishika chini ya kwapa. Nikauliza. Akasema, "Ni kitu ndogo, Mama Mkubwa. Mimi sili mafuta, ugonjwa ya mama haiwezi kunipata."

Jembe ilinitoka mkononi.

Nikaenda peke yangu kwa sista wa kliniki, nikamwambia yote, hata ile ya jikoni. Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akasema, "Cucu, nyanya yangu, chakula iko na kazi yake. Mafuta mingi, pombe, kunenepa sana ukishakuwa mzee, hiyo inaongeza hatari. Mboga na maharagwe ni nzuri, endelea kula. Lakini hakuna sufuria inafunga mlango kabisa. Hata wewe wa githeri unaweza kupata. Na ya mama yake, hakuna mtu anaweza kusema ni mafuta." Akaniuliza huyo msichana ako wapi, kwa sababu mwenye mama yake alishikwa ndio anafaa kuangaliwa mapema. Nikasema ako nyumbani, anakula vile nilimdanganya.

Wiki tatu nimeshindwa kumwambia Wambui. Kila nikifungua mdomo naongea habari ya kuku. Ndio nikasema wacha nikwambie wewe, na yeye aandike.

Ameacha kuandika. Ananiangalia. Andika, mtoto. Andika ni mimi nilikosa.

Jumatatu tunaenda hospitali Nyeri, mimi na yeye, na kama ni kurudi mara kumi tutarudi. Leo nitampikia managu na kijiko moja ya mafuta, na atakula nikimwona.

Lakini wivu yangu haijaisha, usidhani. Mimi nilizaa wavulana wanne, na hakuna mmoja ananiuliza kama nimelala vizuri. Wewe ulizaa mmoja tu, na ndiye huyu ananiuliza kila asubuhi.

Kwa hivyo lala huko, mwiru wangu. Mzee nitakutumia siku yake ikifika, hata uanze kumwekea kiti. Huyu, hapana. Huyu usimwite. Huyu sigawani na wewe.