Rekodi ya Mama kwenye Mashine ya Riadha

Alhamisi, 1 Agosti
Nimebadilisha vitufe vya mashine ya riadha hapa kwenye ukumbi wetu wa michezo ya video. Tena! Unavyogonga haraka ndivyo mkimbiaji wa kwenye skrini anavyochapuka, basi watu wanagonga utadhani wanadai haki yao. Rekodi ya mita mia bado ni ya Cherehani, yule dereva wa teksi. Jina tulimpa kwa ajili ya vidole vyake. Sekunde 8.41. Bango langu liko palepale ukutani: RULA MARUFUKU. Wajanja huitetemesha juu ya kitufe, mkimbiaji anapaa.

Jumamosi, 3 Agosti
Siamini! Mama alipita ukumbini kuniletea funguo, katoka zamu wodi ya watoto wachanga, bado na sare ya uuguzi. Cherehani akamtania: mama, njoo ukimbie kidogo. Nilijua atakataa. Akaweka mkono wa kulia kwenye kitufe — 7.96! Mama! Asiyejua hata kuwasha redio!

Cherehani akapiga kelele: ana rula kwenye mkono wa sare! Mama yangu, mwizi? Nikamshika mkono, nikaunyanyua wote waone. Hakuna kitu. Wakapiga makofi.

Lakini mkono haukuacha. Mbio zimekwisha, medali iko kwenye skrini, na vidole vyake bado vinagonga ndani ya kiganja changu. Mama akauvuta, akautia mfukoni, akasema twende nyumbani.

Jumapili, 4 Agosti
Nimemuuliza mezani habari ya mkono, bila kuzunguka. Unatetemeka tangu mwezi wa pili! Hajamwambia mtu, hata daktari anayefanya naye kazi. Anasema akishika sindano mkono unatulia. Mara nyingi, akaongeza.

Mara nyingi! Na mshipa wa kichanga ukikosekana, yeye ndiye anayeitwa kuchoma sindano. Miaka ishirini na sita kazini. Nikamwambia akapimwe, awaambie kazini. Akasema nisimfundishe kazi. Kisha akalia. Sijawahi kumwona mama akilia.

Jumatatu, 5 Agosti
Leo ni siku yake ya kupumzika, nikashusha pumzi. Kumbe! Simu imeingia sasa hivi: mtoto wa siku tatu, wamemchoma mara nne, mshipa haupatikani, gari linakuja kumchukua mama.

Kashavaa sare. Anatafuta viatu, nami naandika ili nisipige kelele. Mkono ulikuwa tuli — nimeuangalia dakika nzima, tuli! Halafu ukaanza. Halafu ukatulia.

Nimesema: mama, usiende. Akanijibu: mtoto huyo akikosa dawa, je? Namba ya mkuu wa wodi iko kwenye simu yangu. Nikipiga, ndio mwisho wa kazi yake, na ni mimi niliyeimaliza.

Honi getini. Mama amesimama mbele yangu, kanyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Haya, mwanangu. Sema wewe. Niende?"