Ufa wa Nyuma ya Jikoni

Kwako Baba,

Unaukumbuka ule ufa nyuma ya jikoni yetu pale Kanyakine? Kila msimu wa mvua ulinituma mawe, ukaujaza, ukaukanyaga kwa gambuti zako. "Umelala sasa," ulikuwa ukiniambia, nami nikauruka kwa mguu mmoja hadi Mama aniite. Tangu tukuzike kando ya migomba, haujalala hata msimu mmoja.

Wiki jana nilisimama mbele ya majaji watatu kule Embu, kwenye shindano la kubuni michezo ya kompyuta. Tulipewa dakika tano kila mmoja. Nikawaonyesha wangu: nyumba iko mlimani, ardhi inapasuka, na mchezaji ana siku saba za mvua kumshawishi mama mzee mwenye nyumba ahame. Nilikuwa nimerekodi mlio wa udongo pale nyumbani, nikaufungulia kwenye spika.

"Na huyu mama mzee anakubali kuhama lini?" jaji mmoja akauliza.

"Hakubali. Nimejaribu kila njia."

"Si wewe ndio umeutengeneza mchezo?"

Nikazima spika, Baba. Jaji akauliza polepole, "Hiyo nyumba iko wapi?"

Sikungoja matokeo. Nilifika nyumbani alasiri, mawingu yameshuka hadi kwenye mashamba ya chai. Ufa umeipita jikoni, na mlango wa sebule haufungi tena. Nilitia mkono ndani ya ufa, ukazama hadi begani. Mama alikuwa ameketi akichagua maharagwe.

"Mama, twende kwangu Majimbo, kule Embu. Kuna chumba chako."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba alishatuacha."

"Ndiyo maana hawezi kuhama," akasema, macho kwenye ungo.

Nilikukasirikia, Baba. Nisamehe. Kila neno nililomwambia liligonga kaburi lako likanirudia.

Leo asubuhi nimekuta upande wa chini wa kaburi umeporomoka. Nikamwita Mama aone. Akaingia ndani haraka, nami nikashukuru Mungu, nikidhani anafunga mizigo. Ametoka na jembe. Anarudisha udongo wako hivi ninavyokuandikia, na mvua imeanza.

Mimi hanisikii. Mwambie wewe, Baba, na umwambie leo.

Binti yako,
Kendi