Mteremko wa Bomba la Mwihoko

Mzee Karanja, fundi wangu,

Tangu tukuzike, sijashika mwiko wa simiti bila kukasirika. Si kifo chako tu. Ni Mwende, yule mwanafunzi wako mwingine.

Wewe mwenyewe unajua mimi ndiye niliyekuja kwako kwanza. Miaka mitatu nilikuchanganyia simiti pale Kiganjo, nikabeba kokoto mpaka mabega yakachubuka. Mwende akaja nyuma yangu, na hata kabla hajamaliza mwezi ukampa kamba na pima maji ya kupimia mteremko, ukamfundisha kulaza mabomba ya maji taka. Mimi uliniambia tu, "Chimba, Njuguna. Chimba uone ardhi." Niliiona ardhi, Mzee. Nikauona na mgongo wako, umemwinamia yeye.

Juzi mwenye ploti mmoja wa Mwihoko alipiga simu. Maji ya choo yalikuwa yanarudi ndani ya nyumba, wapangaji wanayazoa kwa ndoo. Alimwita nani? Mwende. Mimi nikaenda kama kibarua wake.

Nitakuambia ukweli, maana huwezi tena kunifokea. Alipolaza bomba jipya, niliona halina mteremko wa kutosha karibu na manholi, lile shimo la kukagulia mabomba. Nikanyamaza. Nilitaka lizibe. Nilitaka mwenye ploti amtukane mbele ya watu. Nikachukua koleo nianze kufukia.

Mwende akanishika mkono. "Ngoja, Njuguna. Angalia hapa kwanza. Mzee alikuwa ananiambia, mtaro ukikusumbua muulize Njuguna, jicho lake linashinda pima maji."

Mzee! Ulisema hivyo? Lini? Mbona mimi hukuniambia hata siku moja?

Nililia mle mtaroni nikijifanya ni vumbi. Kisha nikamwambia bomba limekaa vibaya, na kwamba nilikuwa nimeona mapema. Alinipa tu kamba. Tukalitoa, tukachimba tena, tukalilaza upya. Jioni maji yakashuka yenyewe.

Wapangaji walifurahi sana. Mimi wivu bado ninao, lakini si wa kazi tena. Yeye alisikia ukinisifu kwa sauti yako. Mimi nimeletewa maneno tu, wewe ukiwa hupo.

Pumzika, Mzee. Nakuahidi hivi: siku nikipata mtu wa kufundisha, akifanya vizuri nitamwambia yeye mwenyewe, usoni, nikiwa bado hai.

Ni mimi,
Njuguna